Maziwa Yaliyozidi Vitabu: Kisa cha Maandishi Kugongana Rungwe

Dalili ya kwanza ilikuwa ngeni kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya maziwa. Tangi la kupozea lilikuwa na lita nyingi kuliko vitabu. Kwa kawaida hesabu hupungua: kidogo kinabaki kwenye ndoo, kidogo kinamwagika, povu linadanganya kipimo. Kwenye chama hiki cha wafugaji, upande wa Tukuyu, gari lilikuwa linapakia maziwa mengi kuliko jumla ya lita walizoandikiwa wafugaji wote. Maziwa hayaongezeki yakiwa ndani ya tangi. Yakionekana yameongezeka, mtu wa kwanza kutazamwa ni karani, na neno la kwanza kutamkwa ni maji.

Laktometa, kifaa cha kupima uzito wa maziwa ukilinganishwa na wa maji, ilikataa. Maziwa safi ya ng'ombe husoma takriban kati ya 1.026 na 1.032, na ya tangi lile yalisoma humo humo kila siku. Likaja neno la pili: karani anawapunja wafugaji kwenye kuandika, kisha ile ziada anaiingiza kwa jina la ndugu yake. Karani wa kituo cha chini, binti aliyeanza kazi hiyo baada ya kidato cha nne, akaambiwa akae nyumbani kwanza hadi uchunguzi uishe. Ndiyo sababu kubwa ya kukieleza kisa hiki kwa kirefu. Binti yule hakugusa hata robo lita ya mtu, na programu ambayo haikutoa onyo lolote ilitosha kumvika sura ya mwizi mbele ya kijiji kizima.

Chama kina vituo viwili vya kupokelea maziwa, kimoja juu karibu na barabara ya Uyole kwenda Kyela, kingine chini bondeni katikati ya migomba. Anayeijua Rungwe anayajua mabonde yake na mvua yake. Barabarani simu inashika, ukishuka bonde moja imekata, na mvua ikianza hata pale barabarani huna uhakika. Kwa hiyo waliotengeneza mfumo walimpa kila karani kishikwambi chenye nakala nzima ya hifadhidata. Karani anapima, anaandika, anatoa stakabadhi ya karatasi, bila kuhitaji mtandao. Mtandao ukipatikana, data zinapanda kwenye seva, yaani kompyuta kuu, iliyoko Mbeya mjini, na za kituo kingine zinashuka.

Mpangilio huo nautetea. Mwaka 2000 mtaalamu wa kompyuta Eric Brewer alitoa hoja, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha kihesabu, kwamba mawasiliano yanapokatika kati ya nakala mbili huwezi kupata vyote: ama kila nakala iendelee kupokea kazi, ama nakala zote zitoe jibu moja. Foleni ya akina mama wenye ndoo saa moja asubuhi haiwezi kusubiri mnara wa simu, maana maziwa yanaharibika. Kuendelea kupokea ndilo lililokuwa chaguo la haki. Ila ukishachagua hivyo, umekubali kwamba iko siku watu wawili wataandika kwenye rekodi moja bila kujuana, na inabidi uwe umeamua mapema siku hiyo itakwendaje. Uamuzi huo ndio ulioharakishwa.

Kila mfugaji alikuwa na rekodi moja: namba ya uanachama, jina, namba ya simu ya kupokelea malipo, jumla ya lita za nusu mwezi, na deni la mashudu na dawa. Karani akipokea maziwa, programu ilisoma jumla iliyopo, ikaongeza lita mpya, kisha ikaandika rekodi yote upya juu ya ile ya zamani. Rekodi mbili za mfugaji mmoja zikikutana kwenye seva zikiwa tofauti, yenye muhuri wa saa wa mbele zaidi, yaani tarehe na saa ambayo kishikwambi kiliiandika, inabaki. Nyingine inafutika kimya kimya.

Nilipoitwa kuutazama mfumo, niliomba vitabu vya vishina vya stakabadhi vya vituo vyote viwili, nikaketi navyo pamoja na mhasibu. Chukua mfugaji mmoja tuliyemfuatilia. Siku ilipoanza, vishikwambi vyote viwili vilimsoma ana lita 112. Asubuhi alipeleka lita 9 kituo cha juu: 112 jumlisha 9, ikaandikwa 121. Jioni mwanawe akapeleka lita 6 kituo cha chini, ambako habari za asubuhi zilikuwa hazijafika: 112 jumlisha 6, ikaandikwa 118. Usiku vyote vikapanda. Muhuri wa jioni uko mbele, kwa hiyo ikabaki 118. Mfugaji ana stakabadhi mbili halali mkononi zinazompa 127. Lita 9 zimeingia kwenye tangi, zimepakiwa, zimeuzwa, na kwenye hifadhidata hazipo popote. Seva nayo haikuwa na cha kulalamikia: ilipewa majibu mawili, ikachagua moja kwa kanuni iliyoambiwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Karani wa juu hakuwa na habari ya kusema kwamba mfugaji ana lita 121. Alichokijua ni kwamba amepokea lita 9. Mwenzake wa chini alijua amepokea lita 6. Kauli hizo mbili hazipingani hata kidogo, na zingeweza kukaa pamoja milele. Programu ndiyo iliyozigeuza kuwa ugomvi, pale ilipolitupa tukio na kubaki na jumla. Migongano mingi ninayoitwa kuitazama iko hivi: ukiifuata hadi mzizi, unakuta watu wawili waliosema kweli, na jedwali lenye nafasi ya kweli moja tu.

Hata hivyo hesabu hiyo haikutosha kueleza upungufu wote. Wafugaji wanaotumia vituo viwili siku moja ni wachache. Mhasibu akakumbuka mama mmoja wa kituo cha juu ambaye kila wiki alikuwa analalamika, na kila wiki alijibiwa kwamba mfumo haukosei. Nikaenda kumwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo mama. Naambiwa lita zako zinapungua."

"Hazipungui, zinarudi nyuma. Asubuhi karani ananionyesha kwenye kioo, naona kwa macho yangu. Kesho yake nikija, nakuta ile ile ya juzi. Na kule chini sijakanyaga tangu nilipokwenda kuchukua mashudu."

Maneno ya mama huyu yalikuwa sahihi kuliko ripoti yoyote niliyokabidhiwa. Nikashuka kituo cha chini, nikawasha kishikwambi, nikatazama tarehe. Ilikuwa siku mbili mbele. Betri iliwahi kuisha kabisa, kilipowaka tarehe ilikuwa imepotea, ikawekwa kwa mkono, na tangu hapo hakuna aliyeiangalia tena. Na duka la mashudu liko hapo hapo kituo cha chini. Mama alipokopa mashudu, kishikwambi hicho kiliandika rekodi yake yote, pamoja na lita ambazo hazikuhusika na mkopo huo hata kidogo, kikaipiga muhuri wa keshokutwa. Kwa siku mbili zilizofuata, chochote alichoandika karani wa juu kilionekana cha zamani. Karani anaandika, kioo kinaonyesha sawa, mama anaridhika na kuondoka. Data zikipanda, seva inalinganisha mihuri, inaikataa ya leo, inairudisha ya juzi hadi kwenye kishikwambi cha juu.

Kila mfugaji aliyekwenda kukopa mashudu aliondoka na rekodi iliyofungwa kwa siku mbili. Waliopoteza lita walikuwa hasa wale waliopita mikononi mwa karani wa chini. Mtu yeyote aliyetazama orodha ya walalamikaji bila kujua habari ya saa angemnyooshea kidole binti yule, na watu wazima wenye akili timamu walifanya hivyo.

Mtaalamu wa kompyuta Leslie Lamport alilieleza jambo hili mwaka 1978, na bado mifumo inajengwa kana kwamba hakulisema. Mashine zilizotengana haziwezi kutegemea saa zao kujua kipi kilitangulia. Linaloweza kujulikana kwa hakika ni kama tukio moja lilikuwa na habari za jingine. Kwa kipimo hicho, lita 9 za asubuhi na lita 6 za jioni ni matukio ya sambamba, ingawa yalitenganishwa na saa nyingi, kwa sababu la jioni liliandikwa bila kulijua la asubuhi. Na lita za yule mama zilikuwa wazi kabisa: kishikwambi cha juu kilikwisha kuipokea rekodi ya mashudu, ndipo kikaongeza lita juu yake. Mpangilio wake ulijulikana bila kutazama saa yoyote, na saa ndiyo iliyoupindua.

Kanuni ya kumpa ushindi mwenye muhuri wa mbele ina mahali pake. Cassandra, programu ya hifadhidata inayotumika kwenye mifumo mikubwa duniani, huamua hivyo kwa kila kisanduku cha jedwali. Sisi pia tumeiacha itawale kwenye kipimajoto cha tangi, maana hapo kinachotakiwa ni usomaji wa karibuni na cha zamani kikipotea hakuna anayeumia. Lakini ukitaka saa iamue fedha za watu, tazama gharama yake. Google, katika mfumo wa hifadhidata wa Spanner waliouchapisha mwaka 2012, waliweka vipokezi vya GPS na saa za atomi kwenye vituo vyao vya data, na hata hivyo mfumo husubiri kidogo kabla ya kukamilisha muamala ili shaka iliyobaki ipite. Kishikwambi cha bondeni kilichowekewa tarehe kwa kidole hakistahili kupewa mamlaka hayo.

Marekebisho yalianza kwa kuiondoa jumla. Sasa kila upokeaji wa maziwa ni ingizo lake, lisiloguswa tena baada ya kuandikwa: namba ya mfugaji, lita, asubuhi au jioni, na utambulisho unaotokana na namba ya kishikwambi pamoja na namba ya mfuatano ya kishikwambi hicho. JUU-341, JUU-342, CHINI-207, hivyo hivyo. Lita za mfugaji ni jumla ya maingizo yake yote, na inakokotolewa kila inapohitajika. Nakala mbili zikikutana, kazi ni kuunganisha tu: alichonacho huyu na alichonacho yule, vyote vinabaki. Utangulie upande wowote, jibu ni lile lile. Mtandao ukikatika katikati na kishikwambi kikarudia kutuma, JUU-342 ikifika mara mbili bado ni JUU-342 moja. Mwaka 2011 Marc Shapiro, Nuno Preguiça, Carlos Baquero na Marek Zawirski waliziwekea nadharia rasmi data za namna hii, ambazo huunganika zenyewe bila mgongano, na zipo za aina nyingi kuliko tuliyoitumia. Kwa maziwa, kundi linaloongezeka tu lilitosha.

Namba ya mfuatano ilitupa faida nyingine kubwa. Ofisi ikiona JUU-341, JUU-342 na JUU-344, inajua JUU-343 iko mahali haijapanda, na haifungi hesabu za nusu mwezi hadi ifike. Zamani data iliyopotea ilikuwa haionekani. Sasa inaacha pengo, na pengo mtu yeyote anaweza kulisoma.

Karani akikosea, akaandika 90 badala ya 9, hafuti ingizo lile. Anaandika ingizo la kutengua lile la kwanza, kisha analiandika sahihi. Makarani walilipokea hili haraka kuliko nilivyotarajia, na mhasibu alisema hivyo ndivyo alivyofundishwa kutunza daftari la fedha tangu mwanzo.

Namba ya simu ya malipo ilikuwa shauri lingine. Lita hujumlishwa, namba mbili za simu huwezi kuzijumlisha. Hapa inabidi kwanza kujua kama kweli kuna mgongano, na saa haisaidii. Tulitumia mbinu iliyoandikwa na Colin Fidge na Friedemann Mattern, kila mmoja kwa upande wake, mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila toleo la namba linabeba hesabu ya mabadiliko ambayo kila kishikwambi kimeyafanya. Toleo lenye juu 4, chini 2 likikutana na lenye juu 3, chini 2, la kwanza ni jipya, kwa kuwa lina kila kilichomo kwenye la pili na zaidi. Lakini juu 4, chini 2 likikutana na juu 3, chini 3, hakuna linalolimeza jingine. Kila moja lina jambo ambalo mwenzake hajui. Huo ndio mgongano wa kweli, na mfumo unayatunza matoleo yote mawili hadi mtu aamue.

Mgongano wa kwanza wa namna hiyo ulitokea mapema. Uanachama uko kwa jina la baba, lakini anayekamua na kupeleka ndoo ni mama, kama ilivyo kwa nyumba nyingi huku kwetu. Baba alifika kituo cha juu akaweka namba yake. Mama, siku hiyo hiyo, akaweka yake kituo cha chini. Chini ya kanuni ya zamani, kishikwambi kilichokosewa tarehe ndicho kingeamua nani ndani ya nyumba ile apokee fedha za maziwa, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba uamuzi ulifanyika. Safari hii malipo yalisimama, katibu akawaita wote wawili, wakazungumza ofisini na kukubaliana namba ya mama itumike. Wako watengenezaji watakaosema kumrudishia binadamu uamuzi ni udhaifu wa mfumo. Mimi naona programu inayochagua kwa niaba ya baba na mama bila kuwaambia imeingia mahali isipohusika.

Si wazo geni. Amazon walipoieleza Dynamo, mfumo wao wa kuhifadhi data, mwaka 2007, walisema wazi kwamba matoleo yanayogongana hurudishwa kwa programu inayoyatumia, kwa sababu ndiyo inayojua maana yake. Kikapu cha manunuzi, kwa mfano, huunganishwa ili kitu kilichoongezwa kisipotee, na gharama yake ni kwamba kitu kilichofutwa kinaweza kurudi. Tahadhari moja kwa wanaotumia CouchDB, programu nyingine ya hifadhidata: nayo huyatunza matoleo yaliyoshindwa, na kila nakala huchagua mshindi yule yule bila kuulizana, lakini programu yako isipouliza kama kuna mengine, hutaambiwa. Nimekuta watu wakiamini kwamba mgongano umetatuliwa, kumbe umewekwa kabatini.

Hilo la vitu vilivyofutwa kurudi lilitugusa pia. Mwanachama aliyehama Rungwe aliondolewa ofisini, kisha kishikwambi kilichokaa muda mrefu bila mtandao kikampandisha tena. Dawa yake ni kuacha alama ya kufutwa badala ya kuondoa rekodi, na kuitunza alama hiyo kwa muda mrefu kuliko muda wowote ambao kituo kinaweza kukaa gizani. Cassandra kwa kawaida huitunza siku 10. Kwa bonde lile wakati wa masika tuliona siku 10 ni chache, na kwa kuwa wanachama wanaofutwa si wengi, alama zao hazifutwi kabisa.

Lililobaki gumu ni mashudu ya mkopo. Sharti la chama ni kwamba deni lisizidi thamani ya maziwa aliyokwisha kuleta mfugaji katika nusu mwezi huo. Baadhi ya wajumbe walitaka kituo cha juu nacho kikopeshe, na wakauliza kwa nini maingizo yasijumlishwe kama ya lita. Yanaweza kujumlishwa, na jumla itakuwa sahihi. Tatizo ni kwamba itakuwa sahihi baada ya gunia kuondoka. Mfugaji mwenye nafasi ya gunia moja anaweza kuchukua moja juu na moja chini asubuhi ile ile. Kila kituo kwa nakala yake kiko ndani ya sharti, na vikiunganishwa sharti limevunjika. Sharti linaloweka kikomo haliwezi kulindwa na nakala mbili zisizozungumza. Hapa ndipo kusubiri kunapostahili, kwa sababu mashudu hayaharibiki kama maziwa. Nilipendekeza kila mfugaji awe na kituo kimoja cha kukopea, na akitaka kukopa kwingine karani apige simu kwanza na kikomo kihamishwe. Njia nyingine ni kugawa kikomo, nusu juu nusu chini, kila kituo kikopeshe ndani ya nusu yake bila kuuliza. Inafanya kazi vizuri kwa vikomo vikubwa, lakini nusu ya gunia moja haimsaidii mtu mwenye ng'ombe wawili. Wajumbe walibishana sana. Wakapitisha kituo kimoja, na manung'uniko bado yapo kwa wanaokaa mbali.

Vishina vya stakabadhi ndivyo vilivyookoa hesabu za nyuma. Mhasibu na makarani waliviingiza upya, kishina kimoja kimoja, kila kimoja kama ingizo lake, hadi jumla ya wafugaji ikasogea ikawa juu kidogo ya lita za gari, mahali inapotakiwa kuwa. Waliopunjwa walilipwa pamoja na malipo ya nusu mwezi uliofuata. Kwenye mkutano wa wanachama mwenyekiti alieleza mbele ya wote kilichotokea, akasema karani wa kituo cha chini hakuwa na kosa lolote na kwamba atalipwa siku zote alizokaa nyumbani. Amerudi kazini. Tarehe ya vishikwambi inakaguliwa kila asubuhi, na haitumiki tena kuamua lita wala fedha za mtu.